Kidole, Risasi na Amri: Uzembe na Kusudio Polisi Wanapoua kwa Silaha

Februari 2016, wajumbe wa juri katika mahakama moja ya Brooklyn, New York, waliomba waishike bastola iliyokuwa kielelezo. Walipopewa, ikiwa tupu, walikivuta kifyatulio chake kwa zamu. Walitaka kuyapima kwa vidole vyao maelezo ya mshtakiwa, askari Peter Liang, aliyedai kwamba bastola ililia yenyewe. Kifyatulio kile kilihitaji nguvu ya takriban paundi 11.5, yaani zaidi ya kilo tano. Bastola ya kawaida ya aina ya Glock huhitaji karibu nusu ya nguvu hiyo. Polisi wa New York waliagiza zao ziwe nzito makusudi, ili askari asifyatue pasipo kutaka. Juri ikajaribu, ikajadili, ikamtia Liang hatiani.

Hakuna aliyedai kwamba Liang alitaka kumuua Akai Gurley. Hawakujuana. Usiku wa tarehe 20 Novemba 2014 Liang, aliyekuwa na miezi isiyofika 18 kazini, alikuwa na mwenzake wakikagua ngazi za jengo katika makazi ya umma ya Louis H. Pink Houses. Taa za ngazini zilikuwa zimezimika. Alishika tochi kwa mkono mmoja na bastola kwa mkono wa pili, akausukuma mlango wa ghorofa ya nane, na risasi ikatoka. Iligonga ukuta, ikabadili mwelekeo, ikampata kifuani kijana wa miaka 28 aliyekuwa ngazini ghorofa moja chini, akiwa hana silaha na hatafutwi kwa lolote. Mbaya zaidi, askari wale wawili hawakumpa huduma ya kwanza. Mahakamani mwenzake Liang alieleza kwamba katika mtihani wa kuokoa maisha chuoni, wakufunzi waliwapa majibu.

Aprili 2016 Jaji Danny Chun alilishusha kosa la Liang kutoka kuua bila kukusudia hadi daraja la chini yake, kusababisha kifo kwa uzembe wa kijinai. Akampa miaka mitano ya uangalizi nje ya gereza na saa 800 za kazi za jamii. Tofauti ya makosa hayo mawili katika sheria ya New York imo kichwani mwa mtuhumiwa: wa kwanza ameiona hatari akaipuuza, wa pili hakuiona ilhali mtu makini angeiona. Kwa hiyo miaka jela au uhuru wenye masharti vilitegemea kile ambacho askari mmoja alikiwaza gizani.

Hapo ndipo makala haya yanapotilia shaka. Polisi anapoua, swali linalotangulizwa na wanahabari, ndugu wa marehemu, wanasheria na mara nyingi waendesha mashtaka ni kama alikusudia. Swali hilo ni halali, na sheria inalidai. Lakini likiachwa litawale peke yake, linaufukuza mbali ushahidi ulio bora. Nia ya mtu katika nusu sekunde ya kufyatua haionekani kwa macho. Yale yaliyoiandaa nusu sekunde hiyo yanaonekana, na mengi yanapaswa kuwa yameandikwa: kidole kilikaa wapi, mdomo wa silaha ulielekea wapi, nani alimkabidhi askari silaha ile, alifundishwa nini, na nani alimtuma pale. Uzembe hukaa huko, na mara nyingine kusudio pia huanzia huko.

Kanuni za usalama wa silaha zinazofundishwa leo katika viwanja vya shabaha vya nchi nyingi zinatokana kwa sehemu kubwa na Jeff Cooper, luteni kanali wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyegeuka kuwa mwalimu wa bastola. Zipo nne. Kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wa silaha usielekezwe kwa kitu ambacho mwenye silaha hayuko tayari kukiangamiza. Kidole kibaki nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe imelengwa. Shabaha ijulikane, na kilicho nyuma yake pia kijulikane. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba kanuni hizi zinalindana. Anayeweka kidole kwenye kifyatulio huku mdomo wa bunduki ukielekea ardhini anaweza kuichimba ardhi na kujiaibisha mbele ya wenzake, lakini hamuui mtu. Ili risasi isiyokusudiwa impate binadamu, walau kanuni mbili lazima zivunjwe kwa wakati mmoja. Liang alizivunja mbili: kidole kilikuwa mahali pasipo pake, na silaha ilielekezwa kwenye giza asilolijua.

Mtetezi wa askari atasema kwamba mwili una mambo yake. Ni kweli. Roger Enoka, mwanafiziolojia wa Marekani, ameeleza hali tatu ambamo misuli ya kidole hujikaza bila mwenyewe kuamua: anaposhtuka, anapopoteza mizani, na anapoukaza mkono wake wa pili kwa nguvu, kama vile kumshika mtu anayeponyoka. Elimu hii hutolewa mahakamani kama kinga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, inapaswa kusomwa kinyume. Kwa kuwa inajulikana tangu zamani kwamba askari aliyeshtuka hukaza kidole, aliyekiweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya kushtuka ndiye aliyeitengeneza ajali. Kosa la Liang lilitimia kabla ya mlango kusukumwa; mshtuko ulilifikisha tu mwishoni.

Hali ni ngumu zaidi pale askari anapofyatua kwa kutaka, lakini akiwa amekosea silaha. Tarehe 1 Januari 2009, kwenye kituo cha treni cha Fruitvale mjini Oakland, askari Johannes Mehserle alimpiga risasi ya mgongoni Oscar Grant aliyekuwa amelazwa kifudifudi. Alisema alidhani ameshika kifaa cha umeme cha kupoozea misuli, kile kinachojulikana kwa jina la kibiashara Taser. Juri ilimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka miwili. Miaka 12 baadaye, tarehe 11 Aprili 2021, katika mji wa Brooklyn Center, Minnesota, kosa lilelile likarudi. Kim Potter, askari mwenye miaka 26 kazini, siku hiyo akiwa mwalimu wa askari mgeni, alipaza sauti kwamba anatumia Taser, kisha akamuua Daunte Wright kwa Glock. Kifaa cha umeme kilikuwa cha njano, kimevaliwa kiunoni upande wa kushoto. Bastola ilikuwa nyeusi, upande wa kulia, na uzito wake ulizidi mara mbili ya ule wa kile kifaa.

Waendesha mashtaka wa Minnesota walifanya jambo linalostahili kuigwa. Hawakuhangaika kuthibitisha kwamba Potter alitaka kuua. Walikubali kwamba alikosea. Kesi yao yote waliijenga juu ya mafunzo aliyopewa, maonyo ya mtengenezaji kuhusu hatari ya kuchanganya vifaa hivyo, tofauti ya uzito na rangi, na upande wa kiuno. Desemba 2021 juri ikamtia hatiani kwa makosa mawili ya kuua bila kukusudia, ingawa Februari iliyofuata Jaji Regina Chu alimpa miaka miwili tu. Mtu anaweza kubishana kuhusu adhabu. Njia ya ushahidi haina ubishi: uzoefu wa miaka 26, ambao kwa kawaida humpunguzia askari lawama, pale uligeuka kuwa mzigo wake, kwani aliyefundishwa sana ana visingizio vichache.

Sheria za Afrika Mashariki zina chombo chenye makali kuliko kinavyotumiwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatenganisha kuua bila kukusudia katika kifungu cha 195 na kuua kwa kukusudia katika kifungu cha 196, kisha kifungu cha 200 kinaeleza nia ovu ni nini. Wengi hukomea kwenye aya ya kwanza ya kifungu hicho: kutaka kuua au kujeruhi vibaya. Aya ya pili inasema kwamba nia ovu ipo pia pale mtu anapojua kuwa kitendo chake huenda kikasababisha kifo au jeraha kubwa, hata kama hajali kitakachotokea, hata kama anatumaini kisitokee. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina maneno ya namna hiyohiyo katika kifungu cha 206. Anayejua na akaendelea, sheria inamhesabu pamoja na aliyetaka.

Kisa kimoja cha Tanzania kinaipima sheria hiyo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, alipokuwa akiripoti shughuli ya chama cha siasa cha CHADEMA ya kufungua tawi. Picha zilizopigwa na wenzake zilionyesha alivyozungukwa na askari wa kutuliza ghasia, na silaha ya kufyatulia mabomu ya machozi ikielekezwa tumboni kwake kutoka karibu sana. Bomu lilimpasua. Ofisa wa polisi aliyejaribu kumkinga alijeruhiwa. Maelezo ya mwanzo ya polisi yalielekeza lawama kwa kitu kilichorushwa kutoka upande wa raia; bila zile picha, pengine yangesimama hadi leo.

Askari mmoja kijana, Pacificus Cleophace Simon, alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Julai 2016 Mahakama Kuu ikiketi Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Ni adhabu nzito ikilinganishwa na za Brooklyn na Minnesota, na katika historia ya Tanzania askari wachache wamewahi kufika hapo. Hata hivyo hukumu ile inaacha jambo la kufikiriwa. Bomu la machozi limetengenezwa lirushwe kwa mbali, likipita hewani kwa mkunjo, lianguke na kutoa moshi. Anayelifyatua mdomo wa silaha ukiwa karibu kugusa mwili hatumii tena chombo cha kutawanya umati. Kila aliyepitia mafunzo ya kikosi cha kutuliza ghasia anafundishwa umbali, na anayeujua umbali anajua kinachotokea ukipuuzwa. Swali la kifungu cha 200, aya ya pili, lilikuwa pale Nyololo likisubiri kuulizwa kwa ukamilifu: alijua?

Jina tu la silaha zisizoua limeleta madhara yake. Askari anaambiwa kwamba kifaa hiki hakiui, naye anakitumia kwa wepesi ambao asingethubutu kuwa nao akishika bunduki. Mwongozo wa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 ulikwepa kosa hilo kwa kuziita silaha zenye uwezekano mdogo wa kuua, na ukaonya dhidi ya kuwalenga watu moja kwa moja kwa mabomu ya kemikali. Nairobi ilishuhudia jambo la aina hii tarehe 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipopigwa kichwani kwa bunduki ya kutawanyia waandamanaji, kwa umbali wa hatua chache, kamera zikirekodi. Alifariki mwisho wa mwezi ule. Askari ameshtakiwa kwa mauaji, na kesi hiyo si ya kuamuliwa katika kurasa hizi.

Kuna tabia nyingine iliyozoeleka hata haishtui: kupiga risasi hewani. Taarifa za polisi za Dar es Salaam hadi Mombasa huitaja kama ushahidi wa ustahimilivu, kana kwamba hewa ina mahali pa kuihifadhi risasi. Risasi ya 7.62 ya bunduki aina ya AK, ile ambayo askari wa Tanzania huiita SMG, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na popote itakapotua kuna watu. Katika mtaa wa maghorofa, hewa ya juu ya barabara ni roshani za watu. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza kafyu ya Korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, polisi wakiwa chini barabarani wakiwafukuza watu ndani. Taarifa ya awali ilizungumzia risasi iliyopotea. Juni mwaka huo askari akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, akakana. Lolote litakaloamuliwa juu ya mtu huyo, maelezo ya risasi iliyopotea hayapunguzi kitu. Anayefyatua kuelekea juu katika mtaa kama Kiamaiko hana haki ya kusema hakujua kilichokuwa nyuma ya shabaha yake, kwani shabaha yenyewe hakuwa nayo.

Hadi hapa mjadala umemfuata askari mwenye kidole. Inafaa sasa kumfuata aliyemtuma.

Tarehe 6 Machi 1988 wanajeshi wa kikosi maalumu cha Uingereza waliwaua kwa risasi watu watatu wa IRA, kundi la wapiganaji la Ireland, mtaani Gibraltar. Waliambiwa kwamba watu hao wametega bomu ndani ya gari na kwamba wangeweza kulilipua kwa kubonyeza kitufe. Hawakuwa na silaha mwilini, na gari lile halikuwa na bomu. Kesi ya vifo hivyo, inayojulikana kwa jina la McCann, ilipofika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, majaji waliamua mwaka 1995 kwamba wanajeshi wenyewe hawakukiuka haki ya kuishi, kwa kuwa waliamini kwa dhati walichoambiwa. Kisha, kwa kura 10 dhidi ya 9, wakaitia hatiani serikali ya Uingereza. Makosa yalikuwa katika kupanga na kusimamia operesheni: washukiwa waliachwa waingie Gibraltar badala ya kuzuiwa mpakani, makisio ya kijasusi yaliwafikia wanajeshi kama jambo la hakika, na watu waliofundishwa kufyatua mpaka adui afe wakapewa kazi ya kukamata. Kura moja tu ndiyo iliyoamua, lakini imebadili namna ya kuuliza. Tangu hapo uchunguzi makini hauishii kwa mfyatuaji. Unapanda hadi kwenye meza ilipopangwa kazi.

Kipimo hicho kikipelekwa Nyololo, picha inabadilika. Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwepo. Kikosi kilikuwa chini ya amri. Kamati iliyoongozwa na jaji mstaafu Stephen Ihema na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora zote zilichunguza, na Tume ikasema wazi kwamba polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Aliyepanda kizimbani kwa kifo kile alikuwa askari wa cheo cha chini, peke yake.

Hoja kubwa ya wanaopinga kuadhibu uzembe ni kwamba askari akihofia jela atasita, na askari anayesita hufa. Hoja hiyo ina uzito kwa askari aliyekabiliwa na mwizi mwenye bunduki. Sheria inamlinda tayari, na inapaswa kumlinda. Visa vilivyotajwa hapa si vya namna hiyo. Liang hakushambuliwa, wala yule mtoto wa roshani hakumtishia mtu, na Mwangosi alikuwa mikononi mwa polisi. Hoja ya pili, kwamba wadogo hutolewa kafara, ni ya kweli kabisa, ila dawa yake iko mikononi mwa waendesha mashtaka, kwa sababu kifungu cha 195 hakizungumzii kutenda peke yake. Kinagusa pia kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai, pale kuacha huko kunapofikia uzembe wa kulaumika. Kamanda anayetoa risasi za moto kwa kazi isiyozihitaji, au anayemwacha askari asiyefundishwa ashike silaha ya kutawanya umati, ana wajibu wa aina hiyo.

Kenya imeandika baadhi ya haya. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, inataka silaha itumike pale tu njia nyingine zinaposhindwa, inataka kifo au jeraha kubwa liripotiwe mara moja kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA, na inasema kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia silaha isivyo halali. Utekelezaji ni habari nyingine. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zilikwenda kwenye jambo dogo linaloonekana la kiofisi tu: kanuni ya 11 inataka serikali ziweke utaratibu wa kutunza na kutoa silaha, ili kila ofisa awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa.

Daftari la ghala la silaha, kwa hiyo, lina uzito katika sheria ya mauaji. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai hati za viapo vya mawakala wao, na polisi wakawatawanya kwa risasi. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa akiwa abiria ndani ya daladala. Askari sita walishikiliwa. Miezi miwili baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka akalifunga jalada lao kwa kukosa ushahidi wa kumuunganisha yeyote na risasi ile. Wapo waliouona uamuzi huo kama kulindana. Tuseme ulikuwa wa haki, kwamba kweli haikuwezekana kujua. Askari walitoka ghalani wakiwa na bunduki zenye namba, kila mmoja akiwa na idadi ya risasi aliyosaini, nao walirudi wakiwa na idadi nyingine. Tofauti ya idadi hizo mbili ni orodha ya waliofyatua. Kama orodha ilikuwepo, uchunguzi ulikuwa na pa kuanzia. Kama haikuwepo, mtu fulani mwenye cheo alikuwa na wajibu wa kuiweka, na kifungu cha 195 kina maneno yanayomhusu.